Maneno ya Dukani kwa Sonara: Tuyajue Kabla ya Kulipa



Wasomaji wetu watukufu, kila msimu wa harusi unapokaribia, jamaa zetu wa pwani huanza safari za kwa sonara. Mama wa bwana harusi, shangazi na bibi harusi mwenyewe huketi mbele ya kioo cha duka, sinia za mahameli zikatolewa, na maneno yakaanza kumiminika: karati ishirini na mbili, zirkoni, yakuti, lulu ya Bahrain, almasi ya Marekani. Wengi wetu hutikisa kichwa kana kwamba tumeelewa, kwani kuuliza mbele ya wakwe huonekana kama kutojua mambo ya watu wazima. Wazee wetu, hata hivyo, walishasema kuuliza si ujinga.

Juma hili tumeona tuyafungue maneno hayo moja baada ya jingine. Sababu ni kwamba katika biashara ya vito, neno ndilo linalobeba bei. Jicho la mtu wa kawaida haliwezi kutenganisha yakuti iliyochimbwa ardhini na ile iliyopikwa kiwandani, wala lulu ya bahari huru na lulu iliyofugwa. Lililobaki mkononi mwa mnunuzi ni lile neno lililotamkwa na, zaidi ya hapo, lile lililoandikwa katika risiti. Anayelijua neno hununua kitu. Asiyelijua hununua sauti tu. Na kwa kuwa vito hivi ndivyo mahari ya binti zetu, ndiyo akiba ya wajane wetu, na ndivyo vinavyogawanywa mtu anapofariki, suala hili si la mapambo peke yake. Ni suala la haki.

Karati mbili zenye jina moja

Tuanze na neno linalochanganya kuliko yote. Karati ni neno la Kiarabu, qirati, nalo lina asili ya Kiyunani, likirejea mbegu ya mti wa kharubu ambayo watu wa kale waliitumia mizanini. Katika lugha yetu, kama ilivyo katika Kiarabu, neno hilo moja linafanya kazi mbili zisizofanana hata kidogo.

Karati ya jiwe ni uzito. Mwaka 1907, katika mkutano wa kimataifa wa vipimo uliofanyika Paris, ilikubaliwa kwamba karati moja iwe miligramu 200, yaani sehemu ya tano ya gramu. Kwa hiyo karati 5 za jiwe hufanya gramu 1. Karati moja hugawanywa tena kuwa pointi 100. Ukiambiwa almasi hii ni ya pointi 25, maana yake ni robo karati.

Karati ya dhahabu si uzito bali ni usafi. Dhahabu isiyochanganywa na kitu huhesabiwa kuwa ni sehemu 24. Dhahabu ya karati 22 ina sehemu 22 za dhahabu na sehemu 2 za madini mengine, kama shaba na fedha, yaliyotiwa ili kuipa ugumu. Ndiyo maana juu yake hugongwa muhuri wa 916, yaani sehemu 916 katika 1,000. Ya karati 21 hugongwa 875, na ya karati 18 hugongwa 750. Nambari hizi ni ndogo mno kuonekana kwa haraka, lakini sonara yeyote ana kioo cha kukuzia, na si utovu wa adabu kumwomba akuazime.

Basi ukisikia "pete ya karati 18 yenye almasi ya nusu karati", umesikia habari mbili: chuma chake ni robo tatu dhahabu, na jiwe lake lina uzito wa sehemu ya kumi ya gramu. Pia tukumbuke kwamba uzito si ukubwa. Yakuti ni nzito kuliko almasi kwa kiasi kile kile, kwa hiyo yakuti ya karati moja huonekana ndogo kuliko almasi ya karati moja. Mwenye duka hajakupunja. Ndiyo maumbile ya jiwe.

Mizani moja, vitu viwili

Hapa ndipo fedha nyingi za familia zetu zinapopotelea. Seti ya harusi yenye mawe huwekwa nzima kwenye mizani, na uzito wote ukazidishwa kwa bei ya gramu ya dhahabu. Mawe nayo yamepimwa kama dhahabu.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Kidani, herini na bangili vina uzito wa gramu 40, na ndani yake mna gramu 4 za mawe meupe ya kiwandani. Tuseme, kwa urahisi, gramu moja ya dhahabu ni shilingi 10,000. Mnunuzi aliyelipia gramu 40 ametoa shilingi 40,000 kwa mawe ambayo yakinunuliwa peke yake hayafiki hata sehemu ndogo ya fedha hizo. Siku ya shida, anapoirudisha seti ile kuiuza, sonara huyang'oa mawe kwanza, kisha hupima dhahabu iliyobaki. Siku ya kununua mawe yalikuwa dhahabu. Siku ya kuuza yamekuwa mawe. Aidha, yale mawe meupe tunayoyaita zirkoni ni mazito kuliko almasi halisi kwa zaidi ya mara moja na nusu, kwa hiyo hata machache huongeza uzito.

Jambo hili si geni katika dini yetu. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Fadhala bin Ubayd, Allah amuwie radhi, alinunua siku ya Khaybar kidani chenye dhahabu na shanga kwa dinari kumi na mbili. Alipokitenganisha, alikuta dhahabu yake peke yake inazidi dinari hizo. Akamweleza Mtume, rehema na amani zimfikie, naye akaelekeza kwamba kitu cha namna hiyo kisiuzwe mpaka kitenganishwe. Asili ya hukumu hiyo ni kulinda watu na riba pale dhahabu inapobadilishwa kwa dhahabu. Nasi tunaponunua kwa shilingi hatumo katika sura ile ile. Lakini anayepeleka bangili kuukuu ili apewe mpya yumo ndani yake hasa. Wanazuoni wetu hushauri auze ile kuukuu kwa fedha taslimu kwanza, kisha kwa fedha hizo anunue mpya. Na katika hali zote mbili, busara ya kutenganisha inabaki: dhahabu ijulikane uzito wake, na mawe yajulikane yake.

Swali la kuuliza ni fupi: "Uzito wa dhahabu peke yake ni ngapi, mawe ngapi, na ujira wa kazi ni kiasi gani?" Sonara mwaminifu atayajibu yote matatu bila kukunja uso.

Jina la jiwe na jina la duka

Mawe mengi tunayoyataja pwani tumerithi majina yake kwa Waarabu na Waajemi: almasi, yakuti, zumaridi, feruzi, akiki, lulu, marijani, kaharuba. Majina haya ni mazuri, lakini baadhi yake yanakusanya mawe zaidi ya moja.

Yakuti nyekundu na yakuti samawi ni madini yale yale, korundi, yaliyoumbwa kwa alumini na oksijeni. Kiasi kidogo cha kromiamu huyafanya kuwa mekundu. Chuma kidogo pamoja na titani huyafanya kuwa ya buluu. Yapo pia ya manjano, ya waridi na ya kijani. Basi asemaye "yakuti" bila kutaja rangi hajamaliza kusema.

Kwa upande mwingine, yako mawe mekundu mengi yasiyo yakuti. Spineli ni mojawapo. Katika taji la wafalme wa Uingereza mna jiwe kubwa jekundu ambalo kwa karne nyingi liliitwa rubi, yaani yakuti nyekundu, na kumbe ni spineli. Mwanachuoni wetu Abu Rayhan al-Biruni, aliyeishi karne ya 10 na ya 11, aliandika kitabu kizima juu ya johari, akayatenga mawe mekundu ya Badakhshan na yakuti. Alipima pia uzito wa vito kwa kuvitumbukiza katika chombo cha maji na kupima maji yanayofurika. Njia hiyo ya kulinganisha jiwe na maji ingali inatumika na wataalamu mpaka leo.

Neno la kuogopwa zaidi ni jina la jiwe lililofungwa mkia wa jina la nchi. "Almasi ya Marekani", inayouzwa sana pamoja na mapambo ya Kihindi, si almasi wala haichimbwi Marekani. Ni zirkoni ya kiwandani. "Topazi ya moshi" mara nyingi si topazi bali ni kwatsi, madini yale yale yanayojaa mchangani. Kanuni tunayoweza kuishika ni hii: jiwe likiitwa kwa jina lake tupu, muuzaji amejifunga, likiongezewa neno, mwulize lile neno limeongezwa kwa sababu gani.

Na hiyo zirkoni yenyewe ni majina mawili. Iko zirkoni ya ardhini, jiwe la asili na la kale sana, na iko ile ya kiwandani iliyoanza kuuzwa kwa wingi mwaka 1976, ambayo haihusiani nayo isipokuwa kwa jina. Ile tunayoiona madukani kwa wingi ni hii ya pili.

Utasikia vilevile mgawanyo wa "vito vya thamani" na "vya nusu thamani". Kwa mazoea ya wafanyabiashara, vya thamani ni almasi, yakuti nyekundu, yakuti samawi na zumaridi, na vilivyobaki vyote ni nusu. Mgawanyo huu ni wa kibiashara, hauna msingi katika elimu ya madini. Tuangalie karibu na kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtaalamu wa miamba Campbell Bridges aligundua katika ardhi ya Taita ganeti ya kijani kibichi, baada ya kuikuta kwanza Tanzania mwaka 1967. Mwaka 1974 ikapewa jina la savoraiti kutokana na Tsavo. Kwa orodha ya zamani hiyo ni nusu thamani. Lakini savoraiti safi yenye rangi nzuri huuzwa ghali kuliko zumaridi nyingi zilizojaa nyufa. Basi neno "nusu" lisitumike kumnunulia kwa bei ya chini anayeuza, wala neno "thamani" lisitumike kumpandishia anayenunua.

Asilia, iliyokuzwa, iliyoigwa

Maneno matatu haya ndiyo uti wa mgongo wa somo letu.

Jiwe asilia ni lile lililoumbwa ardhini au baharini bila mkono wa mtu. Jiwe lililokuzwa, au la maabara, lina umbile lile lile la ndani, ila limetengenezwa na mwanadamu. Jiwe la kuigwa linafanana kwa sura tu: kioo chekundu badala ya yakuti, plastiki badala ya marijani.

Lililokuzwa si haramu kuuzwa wala si aibu kuvaliwa. Almasi ya maabara, ambayo utengenezaji wake ulitangazwa Marekani mwaka 1955, ni almasi kweli, na ugumu wake ni ule ule. Lakini bei yake ni ya chini sana kuliko ya ardhini, na haitarajiwi kuhifadhi thamani kwa namna ile ile. Kosa halimo katika jiwe bali katika kulinyamazia. Sheria yetu inamtaka muuzaji aibainishe aibu ya bidhaa yake, na inampa mnunuzi haki ya kuirejesha akigundua kwamba alifichwa.

Wengi hudhani kwamba kito cha bibi, kwa kuwa ni cha zamani, lazima kiwe cha asili. Si lazima. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza mwaka 1902 njia ya kutengeneza yakuti kwa kuyeyusha unga wake katika moto mkali, na mawe hayo yakaenea duniani kwa wingi na kwa bei ndogo. Basi pete ya mwaka 1930 yaweza kuwa na yakuti ya kiwandani, na bibi aliyeivaa alikuwa mkweli kabla na baada. Tunalitaja hili kwa sababu ya mirathi: ndugu mmoja asichukue "pete ya yakuti" badala ya shamba, na mwingine asimwonee kijicho, kabla jiwe halijatazamwa na mtaalamu.

Lulu nazo zina habari yake. Lulu asilia hutokea chaza anapoizungushia tabaka za ute wake dhara iliyomwingia. Mjapani Kokichi Mikimoto alifanikiwa mwaka 1893 kumfanya chaza atengeneze lulu ya nusu duara kwa kumpandikizia kiini, na katika miaka ya 1920 lulu za kufugwa za mviringo kamili zikajaa masokoni. Pamoja na mdororo wa uchumi wa dunia wa miaka ya 1930, hilo ndilo lililoivunja kazi ya wapiga mbizi wa Ghuba, ambao mababu wa baadhi ya jamaa zetu walikuwa miongoni mwao. Bahrain mpaka leo hairuhusu biashara ya lulu za kufugwa nchini mwake. Lulu ya kufugwa ni lulu ya kweli iliyotoka kwa chaza. Ya kioo iliyopakwa rangi siyo. Ukiipitisha lulu polepole kwenye ukingo wa meno ya mbele, ile ya chaza hukwaruza kidogo kama mchanga mwembamba, na ya kioo au plastiki huteleza. Lakini jaribio hilo halitenganishi ya bahari huru na ya kufugwa. Kwa hilo huhitajika picha ya eksirei.

Tusiisahau kaharuba, hasa katika tasbihi. Kaharuba ni utomvu wa miti uliogeuka kuwa kama jiwe kwa mamilioni mengi ya miaka. Sandarusi, iliyokuwa biashara kubwa ya mwambao wetu na Unguja katika karne ya 19, ni utomvu pia, ila ni mchanga zaidi. Zote mbili huelea katika maji yaliyokolezwa chumvi sana, ilhali plastiki nyingi huzama. Kuzitenganisha hizo mbili, tone la dawa ya kuondolea rangi ya kucha likiwekwa mahali pasipoonekana huifanya sandarusi kunata, na kaharuba haibadiliki kwa urahisi. Jaribio hilo lifanywe na mwenye mali kwa hiari yake, lisifanywe dukani.

Wakati mwingine uaminifu wa neno hukipa heshima hata kisicho kito. Mafundi fedha wa Lamu hutia katika pete na vikebe vya shingoni vigae vya sahani za kale za Kichina. Kigae huitwa kigae, mnunuzi hukijua hivyo, naye hukipenda kwa uzuri wake na historia yake. Hakuna aliyedanganywa.

Mawe yaliyotiwa mkono

Hata jiwe asilia laweza kuwa limesaidiwa. Kusaidiwa huku kuna daraja.

Kuchomwa ni desturi ya kale na inayokubalika. Tanzanaiti, iliyogunduliwa mwaka 1967 Mererani kaskazini mwa Tanzania, mara nyingi hutoka ardhini ikiwa na rangi ya kahawia, kisha huchomwa ikawa ya buluu na zambarau. Rangi hiyo haipotei tena. Akiki nyingi nazo huchomwa ili wekundu wake ukolee. Mafundi wa Khambhat katika Gujarat wameifanya kazi hiyo kwa karne nyingi, na shanga za akiki kutoka huko zimefukuliwa katika miji yetu ya kale ya mwambao.

Kutiwa mafuta ni desturi ya zumaridi. Jiwe hili huwa na nyufa nyingi, na mafuta huzifanya zisionekane. Mafuta hayo hukauka au kutoka, hasa kwa maji ya moto na sabuni. Kutiwa rangi hufanyiwa akiki, na pia mawe meupe ya bei ndogo yanayogeuzwa yaonekane kama feruzi.

Kujazwa kioo ndiko kubaya zaidi kwa mnunuzi. Yakuti duni zilizojaa nyufa hujazwa kioo chenye risasi, zikang'aa kama za daraja ya juu. Jiwe la namna hiyo halistahimili moto wa sonara anayekaza pete, na hata maji ya ndimu jikoni huweza kukila kioo kile na kuacha michirizi. Likiuzwa kwa jina lake na kwa bei yake, ni halali. Likiuzwa kwa jina la "yakuti" tupu, ni ghushi.

Swali letu hapa ni: "Jiwe hili limefanyiwa nini?" Tusiulize tu "Ni orijino?", kwani jiwe lililojazwa kioo nalo limetoka ardhini, na anayejibu "ndiyo" hatakuwa amesema uongo.

Ugumu na utunzaji

Mwaka 1812, Friedrich Mohs, mtaalamu wa madini wa Kijerumani, alipanga madini kwa ngazi kumi kulingana na uwezo wa moja kulikwaruza jingine. Almasi ni ya 10, yakuti ya 9, zumaridi kati ya 7 na 8, savoraiti ni kama 7, tanzanaiti kati ya 6 na 7, feruzi kati ya 5 na 6, marijani kati ya 3 na 4, lulu kama 2 na nusu.

Kwa nini mama wa nyumbani ajishughulishe na nambari hizi? Kwa sababu vumbi letu la pwani lina mchanga, na mchanga ni kwatsi, ambayo ni ya 7. Jiwe lililo chini ya hapo hufifia kwa kufutwafutwa likiwa kavu. Lioshwe kwanza kwa maji ya vuguvugu, kisha lipanguswe kwa kitambaa laini. Lulu na marijani huliwa na siki, ndimu na manukato. Kwa hiyo mwanamke amalize kujipaka manukato na mafuta, ndipo avae lulu zake. Feruzi hunyonya mafuta na kubadilika rangi. Vito visitiwe vyote katika kasha moja, maana almasi itakwaruza vilivyobaki. Na ugumu si kutovunjika: almasi haikwaruzwi, lakini nyundo moja huweza kuipasua.

Neno "nguvu"

Liko neno jingine linalopandisha bei, nalo ni pale muuzaji anaposema jiwe hili linaondoa hasadi, au linaleta riziki, au linafungua kizazi. Imethibiti kwamba Mtume, rehema na amani zimfikie, alivaa pete ya fedha yenye kijiwe cha Kihabeshi, na wako wafafanuzi waliosema kilikuwa akiki. Kuvaa kwa pambo hakuna ubaya. Lakini riwaya zinazoahidi manufaa maalumu kwa mvaaji wa akiki zimekosolewa vikali na wanazuoni wa hadithi, na mwenye kudhuru na kunufaisha ni Allah peke yake. Jiwe linunuliwe kwa uzuri wake. Anayeuza nguvu anauza asichokimiliki.

Mahari, mirathi na zaka

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika hati ya ndoa mara nyingi huandikwa "seti moja ya dhahabu yenye mawe". Ndoa ikidumu kwa heri, hakuna atakayeyaangalia maneno hayo. Lakini ikivunjika, au mume akifariki kabla ya mahari kutimizwa, kadhi atakuwa na sentensi isiyopimika mbele yake. Ni bora kuandika: kidani, herini mbili na bangili nne, dhahabu ya karati 22, uzito wa dhahabu bila mawe gramu kadhaa, mawe ni zirkoni ya kiwandani. Kuandika hivyo si kukosa imani na wakwe. Ni kuwaondolea wote wawili shaka.

Katika zaka nako mawe hutolewa kwanza. Kiwango cha dhahabu kinacholazimisha zaka ni gramu 85 za dhahabu safi. Aliye na seti ya gramu 60 ambayo gramu 5 zake ni mawe, ana gramu 55 za karati 22, nazo ni sawa na gramu 50 na ushei za dhahabu safi. Mawe yenyewe, kwa rai ya wanazuoni wengi, hayana zaka isipokuwa kwa mwenye kuyafanyia biashara. Ama dhahabu ya kuvaliwa na mwanamke, madhehebu yametofautiana: Hanafi huiwajibisha, na rai mashuhuri ya Shafii haiwajibishi ikiwa ni pambo la halali lisilopita kiasi. Kila mmoja amwendee sheikh wake, lakini aende akiwa na hesabu sahihi mkononi.

Mwisho, tutofautishe karatasi mbili. Cheti cha maabara hueleza jiwe ni nini, uzito wake, na limefanyiwa nini. Karatasi ya makadirio hutaja bei tu, na bei ile yaweza kuwa ya kumfurahisha mnunuzi. Kwa jiwe la gharama kubwa, tudai cheti, na kitoke kwa asiyekuwa muuzaji mwenyewe.

Dada zetu, mama zetu, tukiingia tena dukani tubebe maswali manne: dhahabu peke yake ni gramu ngapi na karati ngapi, jiwe hili jina lake kamili ni nani, ni asilia, limekuzwa au limeigwa, na limefanyiwa nini? Kisha tuombe majibu yaandikwe katika risiti kama yalivyotamkwa. Masonara wetu wengi ni watu wa amana, na watafurahi kumpata mteja anayewaelewa. Kizuri chajiuza, kinachojificha nyuma ya maneno ndicho cha kutazamwa mara mbili.

Tunamwomba Allah azibariki nyumba za maharusi wetu, ajaalie mahari zao ziwe za halali na zenye baraka, na atuepushe na kudhulumu na kudhulumiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.